Kabla Hatujailaumu Bodi, Nani Alimjazia Dogo Fomu?



Kila mwaka ikifika Oktoba na Novemba sisi vijana wa chama tunakuwa wakali sana mtandaoni. Majina ya mikopo yanatoka, wengine hawamo, tunatoa tamko, tunapiga picha na wanafunzi waliokosa, tunamtaka Waziri ajiuzulu. Mimi mwenyewe nimeandika matamko hayo na siyafuti. Pesa ya mikopo haitoshi, na hilo ni la aliye madarakani.

Ila mwaka jana nilikaa na vijana sita wa kata yetu waliokosa, nikaomba kila mmoja anioneshe alichotuma Bodi. Watatu kati yao hawakukosa kwa sababu ya bajeti. Mmoja cheti chake cha kuzaliwa hakikuwa kimehakikiwa na RITA. Mwingine baba yake alifariki akiwa darasa la nne, lakini hakuambatanisha cheti cha kifo, kwa hiyo kwenye mfumo alionekana ana wazazi wawili walio hai. Wa tatu kurasa zenye sahihi na muhuri hazikupandishwa kabisa, zilibaki kwenye bahasha kwa bibi yake. Alikuwa amelipa elfu thelathini ya maombi na akaamini mambo yameisha.

Hao watatu tuliwatungia tamko kama wenzao. Hakuna aliyewauliza mwezi wa tano wamefikia wapi.

Na mimi sina cha kumcheka mtu. Mwaka niliomba chuo, 2018, nilifanya kama wanavyofanya madogo wote: nilienda steshenari. Jamaa akanifungulia barua pepe, nywila akaweka yeye, na namba ya simu akaweka yake kwa sababu yangu ilikuwa haina chaji. Nikachaguliwa vyuo viwili. Mnajua utaratibu: tangu mfumo wa TCU wa kuomba sehemu moja ulipoachwa mwaka 2017, unaomba chuo kimoja kimoja, na ukichaguliwa zaidi ya kimoja unatumiwa namba ya siri ya kuthibitisha unakokwenda. Namba yangu ilienda kwa jamaa wa steshenari. Yeye alikuwa ameshafunga duka kaenda kwao kuvuna. Nafasi ikapita, nikaingia awamu iliyofuata na kuchukua kozi iliyobaki. Nimeimaliza, sijutii sana, lakini sio niliyoitaka.

Sasa tuje kwenye lile linaloniuma zaidi, yaani pointi. Hapa naomba msome taratibu, maana hata baadhi yetu viongozi tunachanganya.

Baraza la Mitihani linahesabu A ni 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, E ni 5, S ni 6. Ukiwa na pointi chache ndio umefaulu zaidi. TCU inahesabu kinyume: A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1, S ni nusu. Kwa mhitimu wa Kidato cha Sita, kiwango cha chini cha kuingia shahada ni ufaulu wa masomo mawili yenye jumla ya pointi 4, na masomo hayo yawe ndiyo yanayotakiwa na kozi anayoomba.

Chukua madogo wawili wa HGL. Wa kwanza ana C, E na S. Wa pili ana D, E na E. Kwa hesabu ya Baraza wote ni division three ya 14, shuleni wamebandikwa mstari mmoja. Lakini wa kwanza ana C na E, tatu jumlisha moja, anazo 4, akipata kozi inayotaka masomo hayo mawili anaruhusiwa kuomba shahada. Wa pili ana D na E, anaishia 3. Huyu wa pili akijazishwa vyuo vitatu vya shahada ni kumlia hela ya maombi bure. Angeelekezwa mapema stashahada, akatoka na GPA ya 3.0, mlango wa shahada unafunguka, na tangu 2023 Bodi inakopesha hata baadhi ya kozi za stashahada. Nani atamweleza haya? Mwongozo wa udahili wa TCU ni faili refu la Kiingereza. Shuleni mwalimu wa ushauri ni huyo huyo wa Jiografia, ana vipindi kibao na mitihani ya kusahihisha. Maonesho ya vyuo vikuu yanafanyika Mnazi Mmoja, Dar es Salaam. Mtoto wa Kasulu anayapitia wapi?

Alafu kuna kosa la upande wa pili, la madogo wenye division one. Hawa wanaona sifa ya chini kwenye mwongozo wanadhani ndio tiketi. Dogo wa PCB anajaza udaktari vyuo vyote anavyoomba, hana kozi ya akiba, kisa anti kamwambia ukiwa daktari utajenga. Nafasi zinagombewa na wenye alama kubwa kuliko yeye. Awamu ya kwanza inapita, ya pili inapita, anakuja kushtuka Oktoba.

Tatizo jingine ni kalenda. Mtihani ni Mei. Juni wengi wanaripoti kambi za JKT kwa mujibu wa sheria. Matokeo yanatoka Julai, na hapo ndio maombi ya vyuo yanakuwa yamepamba moto. Yaani wakati ambao kijana anatakiwa awe na simu, vyeti na mtu wa kumshauri, yupo kambini anakimbia mchakamchaka. Anayebaki nyumbani na bahasha ya vyeti ni mama. Kwa hiyo kazi ya kweli inatakiwa ifanyike sasa hivi, Machi na Aprili, na wa kukaa naye mezani ni mama mwenyewe. Jina la kwenye cheti cha kuzaliwa lifanane na la shule. Likipishana herufi moja, marekebisho yake hayasubiri Julai. Cheti kihakikiwe RITA, na kwa waliozaliwa Zanzibar huko kwao. Cheti cha kifo cha mzazi kitafutwe. Kama kaya ipo TASAF, namba ya kaya iandikwe mahali. Walioingia Kidato cha Tano mwaka 2024, hao wa kwanza kwenye tahasusi mpya zilizofikisha idadi 65, ndio walikuwa wa kuangaliwa zaidi, maana hakukuwa na kaka wala dada aliyetangulia kwenye baadhi ya hizo kombi wa kuwaambia zinapeleka kozi gani.

Kuna ishu ya muhuri. Fomu ya mkopo inapita kwa uongozi wa serikali ya mtaa au kijiji. Baada ya uchaguzi wa Novemba 2024, ambao CCM ilitangazwa kushinda zaidi ya asilimia 98 ya viti (maoni yetu kuhusu uchaguzi ule tumeshayatoa), karibu kila ofisi hiyo ipo mikononi mwao. Nimekutana na kamanda ambaye mwanaye aliogopa kwenda kugonga muhuri kwa kuwa baba aligombea dhidi ya mwenyekiti aliyepo. Muhuri ni haki ya mwanafunzi, hauombwi kwa kadi. Dogo asiende peke yake. Aende na mtu mzima, na wakidai mchango usio na risiti waombe risiti.

Najua kuna makamanda watasema ajenda ni moja, mabadiliko ya mfumo, mambo ya fomu tuwaachie asasi za kiraia. Mimi ajenda hiyo nimeibeba kwa miguu yangu, nimelala nayo polisi usiku mmoja. Ila kijana aliyemaliza Kidato cha Sita, akakosa chuo kwa cheti kisichohakikiwa, ukimfuata na hotuba ya mfumo anakuangalia tu. Ana haki ya kukuuliza ulikuwa wapi.

Na wengine watataka kinyume: tukae mezani na bendera, tuandikishe wanachama hapo hapo. Hapana. Kwenye meza hiyo bendera ibaki ofisini na kadi zibaki kabatini. Akija mama amevaa kitenge cha kijani na njano, ajaziwe fomu ya mwanawe kama wengine. Shuleni tusiende kabisa. Wakuu wa shule watatukataa, na kwa hilo watakuwa sahihi. Tukae mtaani, wazazi waje wenyewe. Tukianza kuchagua nani wa kumsaidia, tutakuwa tumekuwa hao hao tunaowapinga.

Serikali ndiyo ilipaswa kufanya kazi hii. Kufuta ada ya Kidato cha Tano na cha Sita mwaka 2022 lilikuwa jambo jema, nalisema bila kung'ata meno, lakini ukimtoa mtoto hadi mlango wa chuo bila mtu wa kumwonesha kitasa umemwacha nje. Tutaendelea kuidai. Huku tunadai, Mei haitusubiri.

Kata yetu tunaanza Jumamosi ya kwanza ya Aprili, saa tatu asubuhi, chini ya mwembe wa soko. Tupo watatu tuliopita vyuoni, na dada mmoja wa mwaka wa pili sheria. Sheria yetu moja: barua pepe anafungua dogo mwenyewe, nywila anaandika yeye kwenye daftari lake, na namba ya simu ni ya nyumbani kwao. Steshenari ya jirani imekubali kutuchapia kwa bei nafuu. Tunakosa kompyuta mpakato moja na mtu anayejua vizuri kozi za afya. Mwenye chochote kati ya hivyo viwili anajua pa kunipata.