Wahitimu wa Nachingwea na Ruangwa, changieni na kichekesho

KUSINI KWETU
Na Rashidi Mnelela

Kwenye mahafali ya kidato cha nne huku kwetu, kichekesho huja baada ya risala na kabla ya hotuba ya mgeni rasmi. Maikrofoni ni moja, imekodiwa pamoja na spika na jenereta. Binti anayeigiza mama mwenye nyumba anamfokea mpangaji wake, kisha inabidi amkabidhi mpangaji huyo huyo maikrofoni ili naye ajibu. Waliokaa mbele wanavunjika mbavu. Wazazi waliosimama pembeni mwa turubai wanaulizana, "Kasemaje?" Nyimbo wametunga wenyewe, ngoma wameazima, khanga ni za mama zao. Mwezi unaofuata wanafanya mtihani wa taifa, wanatawanyika, na mchezo unaondoka nao kwa kuwa haukuandikwa popote.

Leo nazungumza na waliosoma shule za Nachingwea na Ruangwa, mlioko Lindi, Dar es Salaam, Dodoma na mliobaki nyumbani. Magrupu yenu ya WhatsApp yana mwenyekiti, mweka hazina na orodha ya michango. Ukitokea msiba, rambirambi zinafika siku hiyo hiyo. Mmechangia madawati na matundu ya vyoo, na mmefanya vema. Naomba sasa mtenge fungu la klabu ya maigizo, ili kila shule itoe kila mwaka mchezo mmoja wa kuchekesha wenye nyimbo zake, ulioandikwa, uliofanyiwa mazoezi, na unaosikika hadi kwa aliyesimama nyuma kabisa.

Najua kuna watakaosema elimu siku hizi haina ada na serikali inaleta ruzuku. Inaleta, lakini ruzuku hiyo ina chaki, mitihani na ukarabati vinavyoingoja. Mkuu wa shule hawezi kuacha chaki akanunue ngozi ya ngoma, na simlaumu hata kidogo.

Wengine watasema maigizo yanakula muda wa masomo. Hao nawapinga waziwazi. Mwaka 1996 Penina Mlama na Amandina Lihamba wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walianzisha mradi wa Tuseme, ambamo wasichana wa sekondari walitumia maigizo, nyimbo na ngoma kueleza yanayowakwamisha shuleni. Anayeogopa kunyoosha kidole darasani anaweza kusema jukwaani, kwa kinywa cha mhusika wake, jambo ambalo hajapata kumwambia mwalimu yeyote. Akishalisema mara moja mbele ya watu, la pili halimtishi. Hilo nalo ni somo, na mtihani wa Novemba haulipimi.

Wala sanaa hii si ngeni kwetu. Miaka wapigania uhuru wa FRELIMO walipokuwa na kambi yao Nachingwea, wapiganaji kutoka majimbo mbalimbali ya Msumbiji walicheza ngoma za kwao na kuimba pamoja. Ilikuwa njia mojawapo ya kuwafanya wajione watu wa nchi moja. Baadaye vikundi vya sanaa kama Muungano na TOT vilichanganya ngoma, taarabu, sarakasi na vichekesho katika onyesho moja, na watu wakajaa kumbini. Vijana wetu wana pa kuanzia.

Kwingineko wahitimu wameufanya mchezo wa wanafunzi kuwa jambo lao. Klabu ya Triangle ya Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani, iliyoanza miaka ya 1890, hutoa mchezo wa nyimbo na vichekesho kila mwaka. Ukumbi wa McCarter uliofunguliwa mwaka 1930 ulijengwa uwe makao ya klabu hiyo, kwa fedha zake yenyewe na za Thomas McCarter, mhitimu wa chuo hicho. Sisi hatuhitaji ukumbi. Tunahitaji maikrofoni nne zisizo na waya, vitambaa, na nauli ya kuupeleka mchezo wa Nachingwea ukaonwe Ruangwa, na wa Ruangwa uje Nachingwea. Mwaka 1965 wanafunzi wa Makerere walizunguka Uganda na Kenya na maigizo yao, yakiwamo ya Kiswahili, bila kumtoza mtazamaji senti. Na Ruangwa watu wanajua kusimama na chao: timu yao ya soka, Namungo, ilipanda Ligi Kuu mwaka 2019, na mwaka uliofuata ikacheza fainali ya Kombe la Shirikisho na Simba.

Shida yetu ni ahadi. Mgeni rasmi anataja kiasi, watu wanapiga makofi, na fedha haionekani. Mahafali hufanyika wakati mkulima bado anaokota korosho. Mchango ukusanywe baada ya minada, malipo yakishaingia benki, ili mazoezi yaanze Februari na mchezo uonyeshwe kabla ya likizo ya Juni. Fedha zipite akaunti ya shule, na picha ya kila risiti iwekwe kwenye grupu. Asiye na fedha ana ufundi: fundi cherehani ashone mavazi, seremala agonge jukwaa, mwalimu mstaafu aandike mchezo kwenye daftari litakalobaki shuleni.

Sharti moja nalitilia mkazo. Mchangiaji asiguse mzaha. Wanafunzi wakitunga kichekesho cha mnunuzi wa kangomba, ile biashara ya magendo ya korosho, anayezunguka na kopo lake usiku akiimba bei za kumkamua mkulima, na mmoja wa wachangiaji akajiona humo, anyamaze na acheke na wenzake. Mchezo unaoogopa wafadhili wake hautamchekesha mkulima wa Mbekenyera, naye anaijua kangomba kuliko sisi waandishi.

Minada ya korosho ya RUNALI, chama chetu kikuu cha ushirika, huanza Oktoba. Kila grupu lina nafasi ya kukaa kabla ya hapo, likamtafuta mwalimu mlezi wa klabu na kumuuliza: mwakani vijana wanataka kuigiza nini, na wamepungukiwa na nini?