Usiukariri Ukuta wa Ateri, Uelewe

Mtahiniwa, ukiulizwa tofauti kati ya ateri na vena, najua utakachoandika: ateri ina ukuta mnene, vena ina ukuta mwembamba. Ni sahihi, na alama utaipata. Lakini swali likigeuka kidogo na kuuliza "kwa nini?", wengi hubaki wanang'ata kalamu. Kwa maoni yangu, mada hii si ngumu. Tatizo ni kuuona mshipa wa damu kama rundo la seli tu, na kusahau kile ambacho seli hizo hukitengeneza na kukiweka nje yake.

Kati ya seli za ukuta wa mshipa kuna nyuzi za aina mbili. Elastini ni kama mpira wa manati: huvutika, kisha hurudi. Kolajeni ni kama kamba ya katani: ni imara na haivutiki kwa urahisi. Moyo unaposukuma damu, elastini huiwezesha aota kutanuka, na kolajeni huizuia isitanuke kupita kiasi. Moyo unapolegea, elastini hujirudi na kuendelea kuisukuma damu mbele. Ndiyo maana damu haisimami kati ya pigo moja na jingine. Vena hupitisha damu yenye shinikizo dogo, hivyo haihitaji elastini nyingi wala ukuta mnene. Hilo ndilo jibu la "kwa nini".

Jibu hilohilo linakufungulia maswali mengine. Umesoma kuwa ukosefu wa vitamini C huleta kiseyeye na kutoka damu kwenye fizi. Sababu ni kwamba bila vitamini hiyo mwili hauwezi kutengeneza kolajeni imara, hivyo kuta za mishipa midogo hudhoofika na kuvuja. Mabaharia wa Vasco da Gama walifika Malindi Januari 1499 wakiugua hivyo, baada ya miezi mitatu baharini kutoka India. Wengi walikwisha kufa njiani. Wagonjwa waliobaki walitamani machungwa.

Vivyo hivyo kwa presha. Elastini nyingi ya aota hutengenezwa kabla ya kuzaliwa na utotoni. Ukubwani mwili hutengeneza kidogo sana. Moyo hupiga takriban mara 100,000 kwa siku. Miaka inavyopita, nyuzi za elastini hukatika, kolajeni huongezeka, na ateri hukakamaa. Hiyo ni sababu mojawapo ya presha kuwapata zaidi wazee wetu. Sigara huharakisha ukakamavu huo. Kwa hiyo mada hii inakuhusu hata baada ya mtihani: elastini uliyonayo leo ndiyo utakayozeeka nayo.

Wapo watakaokuambia muda umebaki mfupi, kariri tu. Sikubaliani nao. Aliyekariri ana majibu matatu yasiyohusiana, na akisahau moja limepotea. Aliyeelewa ana sababu moja inayomfikisha kwenye yote matatu.

Leo jioni chora jedwali la ateri na vena. Kwenye kila tofauti, ongeza maneno "kwa sababu" na umalizie sentensi bila kutazama daftari. Utakaposhindwa kumalizia, hapo ndipo pa kurudia kusoma.