Usiseme "Ni Kweli" Ndio Uende Nyumbani

Leo sina vichekesho, wasee. Kuna jambo limenikaa kooni tangu mwaka jana na nyinyi ndio watu wangu, kwa hivyo mtanivumilia.

Binamu yangu, tumwite tu Omera, alikuwa amelala kwa keja yake hapa Kisumu karao wakagonga. Walikuwa wanne, saa tano usiku, bila karatasi yoyote. Wakageuza godoro, wakamwaga unga sakafuni, wakafungua hadi kopo la omena. Halafu mmoja akatoka nyuma ya pazia na misokoto miwili. "Hii ni ya nani?" Omera kimya. Kofi. "Nimekuuliza ni ya nani?" Akasema ni yake.

Ilikuwa yake kweli? Hilo ndilo swali kila mtu ananiuliza kwanza, hata mama yake. Sijibu. Na nina sababu.

Ile "ni yangu" aliyosema akiwa na boksa mbele ya watu wanne, kwa sheria ya Kenya haiwezi kutumika kumfunga. Soma Sheria ya Ushahidi, kifungu cha 25A. Kukiri kosa ni mbele ya jaji au hakimu kortini. Kama ni kwa polisi, lazima awe wa cheo kinachotajwa na sheria, asiwe yule anayechunguza kesi yako, na kuwe na mtu wa tatu uliyemchagua wewe. Wewe, si wao. Katiba nayo, kifungu cha 49, inasema una haki ya kunyamaza na huwezi kulazimishwa kukiri. Hatukupewa hizi bure. Bunge lilifunga mlango wa kukiri kwa polisi mwaka 2003 kwa sababu watu walikuwa wanapigwa hadi wanasema chochote, halafu 2007 likaufungua kidogo kwa hao wa cheo. Hata India, ambako sheria yetu ya ushahidi ilitoka wakati wa mkoloni, Mahakama ya Juu iliamua 2020, kwenye kesi ya Tofan Singh, kwamba alichokiri mtu kwa maofisa wa dawa za kulevya hakiwezi kumfunga. Majaji wawili kwa mmoja. Mabishano ya miaka, na huku kwetu jibu liko kwa kitabu tayari.

Na kuingia kwa nyumba? Kawaida ni kibali cha hakimu. Sheria ya Huduma ya Polisi ya 2011 inawaruhusu kuingia bila kibali kama kukingoja kutaharibu uchunguzi, lakini ofisa lazima awe na kitambulisho chake cha kazi akuonyeshe ukimuuliza, na kilichochukuliwa kiandikwe. Dada zangu, nyinyi mnapekuliwa na mwanamke mwenzenu, tena kwa heshima. Ushahidi uliopatikana kwa kuvunja haki zako, korti inaweza kuutupa. Hiyo ni kifungu cha 50.

Sasa mbona Omera ako na rekodi?

Kwa sababu yangu, kiasi. Saa kumi na mbili asubuhi simu yangu ililia. Alikuwa ameazima ya mtu. "Wanasema nikikubali ni faini tu niende nyumbani. Nifanye?" Na mimi, huyu mnayemsikiza hapa mkisema ana akili, nikamjibu kwa usingizi: omera, kubali, hiyo ni kitu ndogo.

Kortini haikufika dakika tano. Shtaka likasomwa, akaulizwa, akajibu maneno mawili: "Ni kweli." Basi. Hakuna aliyeuliza kuhusu kibali, wala nani alikuwa nyuma ya pazia, wala lile kofi. Hakuna aliyehitaji kuuliza. Ukishasema "ni kweli," kila ulinzi nimeutaja hapo juu unalala. Ofisa wa cheo hahitajiki tena. Mtu wa tatu hahitajiki. Ulichokataliwa kusema usiku kwa keja bila shahidi, unakisema asubuhi mwenyewe, na sasa ni halali kabisa.

Hapo ndipo mchezo uko. Karao si mjinga, anajua ile ya usiku haimsaidii. Yeye anataka ya asubuhi.

Na ngojeni msikie. Ukikubali kosa kwa hakimu, kifungu cha 348 cha Sheria ya Taratibu za Jinai kinakuzuia kukata rufaa, isipokuwa kuhusu adhabu. Sheria ya dawa za kulevya ya 1994 ilipoandikwa, bangi ya kujivutia ilikuwa miaka 10 ndani, tena kazi ya kuithibitishia korti kwamba ni ya kujivutia ni yako. Ukishindwa, 20. Adhabu zimerekebishwa 2022, lakini maana ya ulanguzi ni pana ajabu: kuuza iko ndani, na pia kubeba, kuweka, na kupeana. Kupeana! Ule msokoto unampitishia msee Dunga jua likizama, neno lake liko hapo.

Faini ya Omera ilitoka kwa ada yangu ya muhula. Mmeniuliza sana kwa komenti kwa nini niliacha chuo. Si hiyo peke yake, lakini iko ndani. Yeye alipata kazi ya ulinzi Qatar, akaambiwa alete cheti cha polisi cha maadili mema. Mnajua kilichoandikwa hapo. Sasa anaendesha nduthi ya mtu.

Wazazi watasema natetea bangi. Sitetei. Nimeona vile imewakausha vijana wa rika langu. Lakini mzigo wa bangi unaoingia kutoka Tanzania kupitia Isebania na Migori haubebwi chini ya godoro la Omera. Na wakubwa wakishikwa, wanafanyaje? Ndugu wawili wa Akasha walishikwa Mombasa 2014, wakapigania kesi na mawakili, wakapelekwa Marekani 2017, na huko wakakubali makosa 2018. Hata wao walikubali, ndio. Lakini baada ya miaka minne ya mawakili. Binamu yangu, baada ya usiku mmoja na mbu.

Najua jibu lingine, na hili ndilo linaniuma: ukikataa, dhamana itawekwa, na kama nyumbani hakuna pesa utalala rumande Kodiaga ukingoja kesi. Kweli. Kwa msee wa kibarua, wiki mbili ndani ni kazi imeenda na nyumba imefungwa. Siwezi kumtukana mtu aliyekubali kwa sababu hiyo. Ninaowatukana ni wale wanaojua hesabu hiyo na wanaitumia kukusukuma, na wale kama mimi wanaosema "kubali tu" bila kujua wanachouza.

Kwa hivyo kabla hujafungua mdomo: uliza shtaka ni gani na adhabu ya juu ni gani, kwa lugha unayoelewa. Ukishakubali, kiongozi wa mashtaka husoma maelezo ya vile mambo yalitokea. Akisoma kitu si kweli, sema hapo hapo. Tangu kesi ya Adan ya 1973 hakimu anapaswa kubadilisha aandike umekataa. Omera alisikia wakisoma kwamba alipatikana barabarani akibeba. Barabarani! Alinyamaza kwa sababu nilimwambia akubali.

Jumamosi saa mbili usiku niko laivu na wakili mmoja wa hapa mjini amekubali kuja bure. Leteni maswali. Majina ya watu msilete.