Viza ya kutembea si kibali cha kutumika

Kila juma simu ya kipindi chetu inapokea picha ya namna moja: karatasi ya viza ya Dubai, imetumwa na mzazi wa Butembo, wa Beni au wa Oicha, na chini yake maneno mafupi: "Mwandishi, utuangalilie kama hii ni ya kweli." Karibu zote ni za kweli. Kama zingekuwa za uongo, jambo lingekuwa rahisi, tungesema tu kwamba matapeli wamerudi mjini. Shida ni kwamba viza imetolewa na serikali ya kule kabisa, lakini ni ya mtu anayekwenda kutembea, siku 30 au siku 60, na kijana anayeibeba anakwenda kutumika.

Watu wengi wanawalaumu hao vijana. Wanasema wanapenda pesa ya haraka, hawasikii wakubwa, wanadanganywa na picha za majengo marefu. Mimi sikubali. Kosa hili tumelijenga sisi wote, na lilianzia mahali ambapo hakuna mtu anapaangalia: lilianzia kwa wafanyabiashara wetu.

Mji wa Butembo uliijua Dubai kupitia kwao. Wale papa na mama wanaokwenda kununua vitambaa, simu na vipuri, kisha mzigo unapakizwa kwenye kontena, unapita Mombasa, unapita Uganda, unaingia Kasindi. Kwa mtu wa namna hiyo viza ya kutembea inatosha kabisa. Anafika, analala hoteli juma moja au mawili, anazunguka maduka, analipa, anarudi kwake. Viza yake haijaisha, na hakuna polisi wa kumuuliza kitu, kwa sababu hakuajiriwa na mtu. Mtoto wa kartie aliyekua akiona jirani anakwenda na kurudi hivyo amejifunza jambo moja: Dubai ni paspoti, viza na tiketi. Hakuna aliyemweleza kwamba sheria inaanza kubadilika siku anapovaa ovaroli ya mtu mwingine na kungoja mshahara mwisho wa mwezi. Na komisioneri anayemuuzia safari hana haraka ya kumweleza.

Kwa mfanyakazi, njia ni nyingine. Katika Falme za Kiarabu, ambako Dubai ni moja kati ya falme saba, anayeomba kibali cha kazi ni patroni, si mfanyakazi. Patroni anaandika ofa ya kazi, wizara ya kazi ya kule inaikubali, ndipo inatoka ruhusa ya kuingia ambayo ni ya kazi. Ukifika na ruhusa hiyo unapewa siku 60 za kumaliza mengine: kupimwa afya, kuchukuliwa alama za vidole, kutia mkono mkataba, kupata kadi ya mkaaji. Kadi hiyo ndiyo maisha yako kule. Bila hiyo ni vigumu sana kupanga nyumba kwa njia halali, ao kufungua konti ya benki.

Sasa sikilizeni vizuri hapa, maana ndipo pesa zetu zinapopotelea. Sheria ya kazi ya kule, ya mwaka 2021, inamkataza patroni kumlipisha mfanyakazi gharama za kumtafuta na kumwajiri, iwe waziwazi ao kwa kuzungukazunguka. Kazi za nyumbani zina sheria yake, ya mwaka 2022, nayo pia haitaki mfanyakazi alipishwe. Kwa hiyo komisioneri akikaa kwenye sebule yako na kudai dola za "kibali", amekwisha kukuambia mwenyewe kwamba kibali hakipo, ama kwamba anakuuzia kitu ambacho mtu mwingine ndiye alipaswa kukilipa. Atakuwa na majibu, hao watu hawakosi majibu. Atasema ni pesa ya "dosye", ni pesa ya "mtu wetu wa kule". Muulize jina la patroni. Kama hana jina la patroni, hana kazi ya kukupa.

Nimesikia wazazi wakisema: "Afike tu kwanza, karatasi zitafuata." Kuna waliofika hivyo wakapata patroni mwema aliyebadilisha karatasi zao, siwezi kukataa. Lakini tufanye hesabu ya yule asiyempata. Viza ikiisha, faini ni dirhamu 50 kwa kila siku. Dola moja ni kama dirhamu 3,67. Miezi mitatu ya kukaa hivyo ni dirhamu 4.500, zaidi ya dola 1.220, na bado hatujahesabu chumba wala chakula. Mtu aliyeacha deni Butembo anaanza kujenga deni la pili kule, na lile la pili linaongezeka hata usiku akiwa amelala. Ndiyo maana wengi hawarudi. Huku tunasema wamesahau nyumbani, kumbe wanaogopa kaunta ya uwanja wa ndege.

Tangu 2024 sheria yao imekuwa kali zaidi kwa patroni anayemtumikisha mgeni asiye na kibali: faini inaanzia dirhamu 100.000 na kufika milioni moja. Kwenye karatasi ni jambo zuri. Kwenye maisha, patroni mkubwa anaogopa na anakufungia mlango, na anayebaki ni yule mdogo anayejificha, anayekulipa nusu, anayekuambia ukilalamika ataita polisi. Na wewe unajua kwamba polisi wakija watakuuliza karatasi wewe kwanza. Mwaka huohuo wa 2024, kuanzia mwezi wa tisa mpaka mwisho wa mwezi wa kumi na mbili, serikali ya kule ilifungua msamaha: aliyepitisha muda aliweza kutengeneza karatasi ao kuondoka bila faini. Mlango ule umefungwa. Asikudanganye mtu kwamba utafunguliwa tena juu yako.

Nisieleweke vibaya, kibali chenyewe si mbinguni. Kinakufunga kwa patroni mmoja. Ukiacha kazi bila kufuata utaratibu, anaweza kukuandikisha kama mtoro na ukaaji wako ukafutwa. Kwa wasichana wanaotumika ndani ya nyumba ni vigumu zaidi, maana mahali pa kazi ndipo mahali pa kulala, na mwenye kukupa chakula ndiye anayeshika simu yako akikasirika. Kushika paspoti ya mfanyakazi sheria inakataza, lakini wanaishika. Tofauti ni hii: mwenye kibali ana mkataba ulioandikishwa wizarani, kwa hiyo kuna ofisi anayoweza kuingia akasema "mimi ni fulani, nadai mishahara ya miezi miwili." Asiye na kibali hana pa kuanzia. Na mkataba wenyewe, jambo ambalo sisi watu wa Kongo tunalisahau, umeandikwa kwa Kiarabu na Kiingereza. Vijana wetu wamesoma kwa Kifaransa. Wanatia mkono karatasi ambayo hawajaisoma, kisha wanashangaa siku ya mapumziko haikuwa waliyoambiwa Kasindi.

Kama mtu anadhani ninaeleza mambo ya mbali, aangalie wageni wanaotumika hapa kwetu. Mhandisi anayekuja kutumika kwenye migodi ya Kolwezi, mtu wa benki, mtu wa shirika la misaada: sheria ya Kongo inamtaka awe na karata ya kazi ya mgeni na viza ya kukaa. Kwa kawaida kampuni yake ndiyo inayobeba dosye, ndiyo inayolipa, ndiyo inayozungumza na wizara na DGM. Yeye anapanda ndege wakati kazi yake ina jina na anwani. Hakuna anayeona ajabu. Basi kwa nini mtoto wetu akienda kwa watu tunaona ni sawa aende kwanza, kazi itafutwe baadaye, na gharama zote zitoke kwenye kakao ya mama yake?

Kuna pia njia ya karibu, na sijui kwa nini tunaipita kama vile haipo. Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Jumuiya hiyo ina itifaki ya soko la pamoja, inayotumika tangu mwezi wa saba 2010, na ndani yake wafanyakazi wamepangiwa utaratibu wao: ukipata mkataba wa zaidi ya siku 90 katika nchi nyingine ya jumuiya, unaomba kibali ndani ya siku 15 za kazi, na ofisi inapaswa kukujibu ndani ya siku 30. Cha kwanza kinaweza kwenda mpaka miaka miwili. Kenya nayo iliondoa viza kwa Wakongomani tangu tarehe 1 mwezi wa tisa 2023. Sisemi kila kitu kinakwenda vizuri, bado kwenye mipaka kila afisa ana maelezo yake. Lakini fundi wa magari ao mshonaji mwenye mkataba Kampala ao Nairobi anaweza kudai kitu ambacho kimeandikwa, na akikwama anapanda basi anarudi Kasindi, halipi tiketi ya ndege. Hapa pia watu wanachanganya: kuingia bila viza si ruhusa ya kutumika. Ni kosa lilelile la Dubai, limevaa nguo za jirani.

Ninajua nitakachoambiwa: "Wewe una kazi ya redio, hawa watoto wafanye nini?" Ni swali la haki. Tangu mauaji ya Beni yaanze mwaka 2014, kuna familia ambazo hazijakanyaga shamba lao. Jimbo limekuwa chini ya utawala wa dharura tangu mwezi wa tano 2021. Kijana mwenye diploma ya serikali anaendesha moto ya mtu mwingine, na jioni anapeleka versema. Mimi siandiki ili abaki. Ninataka asiuzwe.

Na hapo ndipo ninawageukia wakubwa. Uganda, ambako vijana wetu wanapandia ndege, imeweka sheria kwamba kampuni ya kupeleka watu kazini ng'ambo lazima iwe na leseni ya wizara. Burundi ilitia mkono makubaliano na Saudi Arabia mwaka 2021 juu ya wafanyakazi wake. Kule pia matatizo yapo, tena mengi, lakini mzazi wa Kampala ana ofisi ya kwenda kuuliza kama ajansi fulani imeandikishwa. Mzazi wa Butembo aende wapi? Tuna ONEM, ofisi ya kitaifa ya kazi. Ninaiomba jambo dogo: ibandike kwenye mlango wake, na kwenye mlango wa meria, orodha ya ajansi zenye haki ya kupeleka watu ng'ambo. Kama hakuna hata moja, ibandike karatasi inayosema hakuna hata moja. Hiyo peke yake ingeokoa parseli nyingi. Na mahali paspoti zinapoombwa, mtu anayesema anakwenda kutumika apewe ukurasa mmoja kwa Kiswahili unaoeleza tofauti ya viza na kibali. Tuliwahi kulipa dola 185 kwa paspoti, mpaka bei iliposhushwa kuwa 99 mwaka 2020. Kwa pesa hiyo, karatasi moja ya fotokopi si kitu kikubwa.

Lakini tusingoje serikali, tunaijua. Safari hizi hazipangwi na kijana peke yake. Kuna kikao cha familia, kuna mjomba anayetoa mbuzi, kuna mama anayetoa zamu yake ya likelemba, kuna yaya aliye Goma anayetuma kidogo. Kikao hicho kina nguvu kuliko ofisi yoyote, kwa sababu ndicho kinachoshika pesa. Kabla ya kuitoa, kidai kuona karatasi yenyewe, si picha iliyokatwa nusu. Mtafuteni mwalimu wa Kiingereza awasomee. Kama imeandikwa "tourist" ao "visit", mtoto anakwenda kutembea, hata komisioneri akilia machozi. Inapaswa kusema "employment", na jina la patroni liwe juu yake. Halafu ofa ya kazi isomwe yote, mshahara kwa dirhamu, saa za kazi, siku ya mapumziko, na nani anayelipa tiketi ya kurudi. Mbaki na nakala nyumbani, pamoja na ya paspoti. Siku simu yake itakaponyamaza, ndizo mtakazopeleka kwa ubalozi wetu ulioko Abu Dhabi.

Wachungaji na mapadri nao wanaweza kusaidia. Wanaombea safari hizi kila Jumapili, wanawasimamisha vijana mbele ya kanisa. Wangeuliza tu, kabla ya kuweka mikono: umeitwa na patroni gani?

Nimewaalika wakomisioneri watatu wa mji huu kuja kwenye kipindi kueleza kazi yao. Mmoja alisema yuko safarini, wa pili alizima simu, wa tatu aliniuliza nitamlipa ngapi. Mwaliko bado upo, Jumamosi jioni, baada ya habari. Waje na jina la patroni mmoja tu, tutalisoma kwenye antene.