Kutoka Alby: Chungu cha Wenyewe

Tarehe 27 Machi 2023 ilikuwa Jumatatu, na kwa hesabu yetu hapa Alby ilikuwa siku ya tano ya mfungo. Magharibi iliingia baada ya saa moja. Tukafungua kwa tende, tukaswali, shangazi akaingia jikoni kwenye mihogo yake ya nazi. Sisi ndugu wawili tunaoandika safu hii tukarudi mbio chumbani, kwa sababu kulikuwa na duka linafungwa usiku ule.

"Njooni mpakue!" shangazi akaita.

"Tunapakua, shangazi!"

"Mnapakua nini huko chumbani? Chungu kiko huku."

Waliokuja kwenye baraza la mwezi uliopita wameshakisikia kisa hiki na wamekicheka. Mhadhiri mmoja alicheka kidogo tu, kisha akasema shangazi ndiye aliyekuwa na hoja. Tumeifikiria hoja hiyo tangu siku ile.

Duka lenyewe lilikuwa la Nintendo, lile la ndani ya 3DS, kimashine cha gemu cha mkononi chenye skrini mbili, kinachokunjwa kama pochi. Chetu tulikipata kwenye mitumba ya Skärholmen, vituo vitano vya treni kutoka kwetu. Kampuni ilitangaza mapema, Februari 2022: tarehe 23 Mei mwaka ule kadi za benki hazitapokelewa tena, tarehe 29 Agosti vocha nazo mwisho, na Machi 2023 mauzo yatafungwa kabisa. Taarifa ya mwaka mzima tulikuwa nayo, na bado tukangoja usiku wa mwisho, kama tunavyofanya na kazi za muhula.

Kwa salio lililobaki tulichukua magemu mawili ya Kiswidi. La kwanza ni SteamWorld Dig, la roboti mchimbaji, kazi ya studio ya Image & Form ya Gothenburg, lililotoka Agosti 2013. La pili ni Gunman Clive, la Bertil Hörberg, aliyelitengeneza karibu peke yake. Kwenye 3DS yote mawili yaliuzwa kwa kupakua tu, hayakutoka kwenye kadi. Na tuseme haki: bila njia hiyo, fundi anayefanya kazi karibu peke yake asingeweza kuchapisha kadi na kuzipeleka madukani, nasi tusingelicheza gemu lake. Hatuandiki kulaani kupakua.

Tunachouliza ni kuhusu neno. Wanachama wa mwaka wa kwanza wameshasoma kauli ya kutendua: funga na fungua, ziba na zibua, pakia na pakua. Meli ikipakua mchele bandarini Tanga, mchele unakuwa gatini na meli inabaki tupu. Gemu likipakuliwa, huko lilikotoka halipungui hata punje. Kwa hiyo mfano wa meli haufai sana. Unaofaa ni ule wa shangazi, wa chungu, tena chungu cha shughuli ya watu wengine: umekaribishwa, umepakua, umekula ukashiba, lakini hakuna kufungiwa cha kupeleka nyumbani. Na siku mwenye shughuli akifunika chungu, wewe na sahani yako mnatazamana.

Hayo yote tuliyaona baadaye, kwa mpwa wetu.

Kiangazi cha 2024 tulikwenda Tanga tukampa kile kimashine. Ana miaka 11 sasa. Tulikuwa tumemwahidi kwamba tutashindana naye kwenye Mario Kart 7, yeye Tanga na sisi Alby, lakini tulichelewa: huduma ya kucheza mtandaoni kwenye 3DS ilizimwa tarehe 8 Aprili mwaka ule ule. Hakujali. Alikuwa na kadi tatu na magemu kumi na moja yaliyopakuliwa, na kati ya yote alimpenda yule roboti mchimbaji. Alikuwa akimsimulia bibi yake roboti amefika kina gani leo, kama mtu anayetoa habari za jamaa aliye safarini.

Mwezi Desemba kimashine kikatumbukia kwenye ndoo ya maji. Hakuna wa kulaumiwa hapo zaidi ya ndoo.

Tukatafuta kingine cha mitumba huku huku, maana 3DS inafuata kanda: kadi za Ulaya zinataka kimashine cha Ulaya, na cha Japani kingezikataa. Kikafika na msafiri. Kadi tatu zikachomekwa, zikacheza palepale, kana kwamba hakuna kilichotokea. Jioni simu ikalia.

"Shikamoo mjomba. Roboti yuko wapi?"

Tukamweleza. Magemu ya kupakua yamefungwa kwenye akaunti na kimashine kile. Kuyahamisha mwenyewe kunataka vimashine vyote viwili viwe hai, na kimoja kimekufa maji. Kununua upya pale pale haiwezekani, duka lilishafungwa.

"Kwani hamkulinunua?"

"Tulilinunua."

Akanyamaza. Tulisikia kuku nyuma yake, na mtu anatwanga. Masharti tuliyabonyeza 'nakubali' kwa mikono yetu bila kuyasoma, kwa hiyo hatukuwa na pa kulalamikia. Lakini kumweleza mtoto wa miaka kumi na moja kwamba kununua kuna aina mbili, na sisi tulimpa ile ya pili bila kumwambia, kulitushinda kwa Kiswahili, na kwa Kiswidi kungetushinda vilevile.

Wakubwa nao linawatatiza. Tarehe 19 Desemba 2019 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, katika kesi ya Tom Kabinet, iliamua kwamba kitabu cha kupakua hakiuzwi tena kama kitabu cha karatasi kilichotumika. Lazima mwenye haki aridhie. Walimu wenye rafu za vitabu vya kielektroniki walizingatie hilo wanapoandika wasia. California nayo, tangu tarehe 1 Januari 2025, imezuia maduka kutumia neno 'nunua' kwa bidhaa ya kidijitali wanayoweza kuiondoa, mpaka wamwambie mnunuzi wazi kwamba anapata leseni. Bunge zima lilikaa juu ya kitenzi kimoja! Anayetuuliza tena isimu ina faida gani, tutampa mfano huo.

Sasa kuna Switch 2, iliyotoka tarehe 5 Juni 2025, na baadhi ya kadi zake ni ufunguo tu: unaweza kumpa mwenzako, lakini gemu lenyewe hamna ndani, hulipati mpaka ulipakue. Hapa Alby intaneti ya kwenye fleti hailioni hilo kuwa kazi. Tanga, kwa bando la simu, ni hesabu nyingine.

SteamWorld Dig lipo pia kwenye Switch, na tulimwambia mpwa tunaweza kumlipia tena huko siku akiwa nayo. Akauliza likilipiwa mara ya pili litakuwa letu. Hatukumjibu vizuri.

Julai shangazi anakwenda Tanga. Mpwa ametuma orodha ya mahitaji, imeandikwa kwa kalamu na kupigwa picha: kandambili namba 36, chokoleti, na gemu moja la 3DS, lolote tutakalolipata Skärholmen. Pembeni ameongeza, kwa herufi kubwa na mstari chini yake: LA KADI.