Fimbo Haifundishi Poti

Wazazi wengi hulalamika kwamba binti yao alijua kuomba poti mapema, lakini mdogo wake wa kiume bado anajikojolea. Wengine huchukua fimbo. Sisi tunasema mtoto huyo hana kosa.

Ni kweli kwamba kwa kawaida wasichana huwatangulia wavulana kwa miezi michache. Lakini tofauti kati ya mtoto na mtoto ni kubwa kuliko hiyo. Wengi huwa tayari kati ya miezi 18 na miaka 3. Dalili ni hizi: anakaa mkavu saa mbili hivi, anajaribu kujivua chupi, na anaonyesha kwamba amebanwa na haja.

Mvulana aanze kwa kuketi, hata kwa haja ndogo. Kusimama atajifunza baadaye kwa baba. Kwa hiyo akina baba wasimwachie mama kazi yote. Msichana apanguswe kutoka mbele kwenda nyuma, ili uchafu usifike kwenye njia ya mkojo. Wote wanawe mikono kwa sabuni.

Mtoto anayepigwa huogopa, akazuia choo hadi kikawa kigumu. Kisha humwuma, naye huikataa poti zaidi. Usiku wengine hukojoa kitandani hata baada ya miaka 5, na wavulana ndio wengi. Kumwita kikojozi mbele ya wenzake ni kumwumiza bure. Akifaulu, tumsifu. Akijikojolea, tumbadilishe nguo bila makelele.