Seneta aliyejivunia lugha ya mama

Mnamo Julai 1973, kamati ya Seneti ya Marekani iliyokuwa ikichunguza kashfa ya Watergate ilizozana na wakili mmoja kuhusu maana ya kifungu cha sheria. Wakili huyo, aliyekuwa akimtetea John Ehrlichman, mshauri wa zamani wa Rais Richard Nixon, alitaka kujua mwenyekiti alikuwa na hakika gani na tafsiri yake. Mwenyekiti, Seneta Sam Ervin, alimjibu kwamba alikielewa Kiingereza, nacho kilikuwa lugha ya mama yake.

Jibu hilo limenikaa moyoni kwa miaka mingi, yamkini kwa kuwa kazi yangu ni kufundisha isimu. Mzozo wenyewe haukuwa mdogo. Ehrlichman alishikilia kwamba sheria ilimpa rais uwezo wa kuruhusu, kwa kisingizio cha usalama wa taifa, hata kuvunjwa kwa ofisi ya daktari aliyemtibu Daniel Ellsberg, mtu aliyefichua siri za Vita vya Vietnam. Ervin aliyasoma maneno yale yale asiuone uwezo huo. Na alisoma sawasawa.

Hakuwa mgeni wa kazi hiyo. Alihitimu sheria Harvard mwaka wa 1922, ingawa alipenda kujiita wakili wa mashambani tu, ujanja wa lugha ulioweza kumpumbaza mpinzani asiyemjua. Alikuwa hakimu kuanzia 1935, kisha jaji, na mnamo 1948 akaketi katika Mahakama ya Juu ya jimbo lake la North Carolina hadi alipoingia Seneti mwaka wa 1954. Mwaka huo huo alihudumu katika kamati iliyopendekeza Seneta Joseph McCarthy akemewe rasmi. Nixon naye alijiuzulu Agosti 9, 1974.

Hapo ndipo walimu wengi huikomesha hadithi, na hapo ndipo ninapotofautiana nao.

Marekebisho ya 14 ya Katiba ya Marekani, yaliyoidhinishwa mwaka wa 1868, yanakataza jimbo lolote kumnyima mtu yeyote aliye chini ya mamlaka yake ulinzi sawa wa sheria. Kiingereza chake ni chepesi kuliko cha kifungu alichokigombania Ehrlichman. Hata hivyo, Mahakama ya Juu ya Marekani ilipoamua mwaka wa 1954 kwamba kuwatenga watoto weusi katika shule za umma kunavunja Katiba, Ervin alikuwa miongoni mwa walioandika tamko la 1956 la wabunge wa majimbo ya kusini la kuupinga uamuzi huo. Aidha, aliipinga sheria ya haki za raia ya 1964. Alidai kwamba anailinda Katiba.

Siamini kwamba alikuwa mnafiki. Unafiki ungekuwa rahisi kuufafanua. Msomaji yule yule, mwenye lugha ile ile, alisoma neno "rais" akamwona binadamu aliye chini ya sheria, akasoma "mtu yeyote" asimwone mtoto mweusi wa North Carolina akipita shule iliyo karibu na kwao.

Kwa hiyo, walimu wenzangu mnaomfundisha Ervin kama shujaa wa Watergate, wapeni wanafunzi jibu lake la 1973 pamoja na tamko la 1956, katika kipindi kimoja, muwaache wabishane.